MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI: GURUDUMU LA AKIBA LA GARI LA FAMILIA



Safari za watu wa visiwani kwenda Bagamoyo hazikuanza leo. Majahazi yalikuwa yakivuka baina ya Unguja na mji ule tangu zamani, na koo nyingi zina jamaa pande zote mbili za bahari. Siku hizi aila hupakia gari lake melini, ikashuka bandari ya Dar es Salaam, ikaelekea kaskazini kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga na Zinga hadi Dunda, kata iliyomo ndani ya mji wa Bagamoyo. Wapo wanaokwenda harusini, wapo wanaokwenda maulidini, na wapo wanaokwenda kuwatazama watoto waliopata kazi huko. Mazungumzo haya yanahusu kitu ambacho aghalabu hakikumbukwi mpaka gari limekwisha kulala pembeni mwa njia: mpira wa akiba, au spea kama unavyoitwa mitaani.

Magari mengi ya juu yanayonunuliwa na familia zetu yamekwisha kutumika Japani. Baadhi yake hubeba gurudumu kamili juu ya mlango wa nyuma. Mengine, mnunuzi akifunua zulia la buti, hukuta gurudumu jembamba la muda lililoandikwa kilomita 80 kwa saa. Yapo pia yasiyo na gurudumu lolote ila pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba tundu. Kwa nchi ambayo fundi hupatikana kila baada ya masafa mafupi, mpango huo una maana. Hata Unguja, kisiwa chenye urefu wa takriban kilomita 85, mwenye gari anaweza kuishi miaka mingi bila ya kuona upungufu wake, kwa kuwa popote pancha itakapomkuta nyumbani si mbali. Mazoea hayo ndiyo yanayovuka naye bahari.

Kutoka Bagamoyo kwenda Msata, kwenye barabara kuu ya kuelekea Tanga, ni kilomita 64. Njia hiyo ilitiwa lami katika miaka ya 2010 na ni nzuri, lakini baina ya Makurunge na Kiwangwa yapo masafa ambayo usiku haionekani taa. Anayeifuata njia ya Saadani na Pangani, ambayo ujenzi wake wa lami umekuwa ukiendelea kwa vipande katika miaka ya 2020, bado hukutana na changarawe na, wakati wa masika, udongo mweusi unaonata. Jiwe likichana ubavu wa mpira mahali kama hapo, dawa ya chupa haisaidii kitu. Dawa ile huziba tundu la msumari lililo usoni mwa mpira; haizibi mchano wa ubavuni.

Je, gurudumu jembamba halitoshi kumfikisha mtu? Inafaa jambo hili lipimwe kwa hesabu. Mpira ulioandikwa 225/65R17, unaotumika katika magari kadhaa ya familia, una upana wa milimita 225; kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo; na ringi yake ni ya inchi 17. Kimo chake chote ni kama milimita 724. Gurudumu la muda la T165/80D17 lina kimo cha kama milimita 696. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kila mzunguko gurudumu dogo hubaki nyuma kwa milimita 88 hivi. Kutoka Bagamoyo hadi Msata litalazimika kuzunguka zaidi ya mara 1,100 kuliko wenzake. Difu imetengenezwa kuibeba tofauti hiyo wakati gari linapokata kona, si kwa safari nzima. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, joto na msuguano huo huingia katika vyombo ambavyo bei ya kuvitengeneza hupita bei ya mipira mitano. Zaidi ya hayo, gurudumu la muda huhitaji upepo wa PSI 60, yaani karibu mara mbili ya mipira ya kawaida, na wenye magari wengi hawajalipima tangu siku walipolinunua.

Kwa hiyo, anayetarajia kusafiri bara na watoto anashauriwa kuwa na gurudumu la akiba lililo sawa na manne yaliyomo chini ya gari, kwa kipimo na kwa uwezo wa kubeba. Uwezo huo husomwa katika namba inayofuatia kipimo: 102 ni kilo 850 kwa kila mpira, na 112 ni kilo 1,120. Mara nyingi muuzaji hutoa mpira wa kipimo sawasawa lakini namba hii ikawa ndogo, na mnunuzi asijue. Gari lililojaa watu, mizigo ya harusi na magunia mawili ya mchele wa Ruvu ndilo litakalomjulisha.

Suala la bei halikwepeki. Mshahara wa mtumishi hauruhusu kila mtu kununua mipira mitano mipya kwa siku moja. Njia iliyo nafuu, na inayokubalika, ni kununua minne mipya na kuuteua ulio bora katika ile ya zamani kuwa akiba, maadamu kipimo ni kimoja. Mpira mpya wenye kashata za milimita 8 na wa zamani uliobakiwa na milimita 3 hutofautiana kwa milimita 31 tu katika kila mzunguko, kama theluthi ya ile tofauti iliyotajwa, na hiyo yatosha kumfikisha mtu kwa fundi kwa mwendo wa pole. Mwenye uwezo wa mitano na aingize wa tano katika zamu ya kubadilishana nafasi kila baada ya kilomita 10,000 hivi, ili yote ichakae pamoja. Katika hali hiyo achague mipira isiyo na mshale ubavuni, kwani wenye mshale hufaa upande mmoja tu wa gari, na pancha haichagui upande.

Umri nao uangaliwe. Ubavuni mwa mpira, mwisho wa maandishi yanayoanzia DOT, mna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa mtumba wenye kashata nene unaweza kuwa mkongwe uliokauka na kupasuka nyufa, na jua la pwani halimhurumii mkongwe. Wapo wanaokumbuka mipira ya kiwanda cha General Tyre cha Arusha na kuisifu hadi leo. Kiwanda hicho kilisimamisha uzalishaji miaka mingi iliyopita, na anayeonyeshwa mpira wake kama mali mpya ajue anachoonyeshwa.

Ringi isinunuliwe kwa macho. Mbili zenye matundu matano zinaweza kufanana na zisiingie katika gari moja, kwa sababu masafa baina ya matundu hayalingani. Vilevile nati za ringi ya aluminiamu si lazima zikaze ringi ya chuma. Gurudumu lifungwe hasa katika gari, mbele na nyuma, kabla ya fedha kutoka mkononi.

Iwapo shimo la buti ni la gurudumu jembamba, kubwa halitaingia, na hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Hulazwa juu ya zulia na kufungwa kwa mkanda imara katika vishikizo vya gari, au huwekwa juu ya keria. Kuliacha huru nyuma ya viti vya watoto ni hatari kubwa, kwani gari likifunga breki ghafla gurudumu halisimami nalo. Kwa yale yanayoning'inizwa chini ya gari, chumvi ya bahari hushika mnyororo wake ukakataa kuteremka. Hivyo literemshwe kila baada ya miezi mitatu, lipigwe brashi, mnyororo utiwe grisi, na upepo upimwe.

Siku moja kabla ya kupanda meli, gurudumu libadilishwe mara moja nyumbani, kwa jeki na spana zile zile zitakazosafiri. Pamoja navyo uwekwe ubao mnene wa kiasi cha futi moja mraba: pembezoni mwa njia za Bagamoyo ni mchanga, na jeki isiyowekewa ubao huzama badala ya kuliinua gari.