Barua ya Kuhama Nyumba
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeagizwa tuseme kidogo juu ya barua ya kuhama nyumba. Sisi si wanasheria, tu makarani kama ninyi, na elimu yetu ya jambo hili tuliinunua kwa fedha taslimu.

Tulipohamishwa kutoka Nakuru kwenda Kisumu, amri ilitufikia tarehe 26 Februari, na kodi yetu ililipwa kila tarehe mosi. Jioni ile ile tulimwendea mwenye nyumba, tukampa habari kwa mdomo. Akatunywesha chai, akatuombea safari njema. Mwisho wa Machi tukafunga mizigo na kumrudishia ufunguo. Kumbe tumekwisha fika Kisumu, akatudai kodi ya Aprili, akisema kwamba habari ya kuhama aliisikia siku ile ya ufunguo, si kabla. Shahidi wetu alikuwa nani? Kikombe cha chai.

Twataka mwangalie hesabu yake, maana makarani ni watu wa hesabu. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 57, yasema kwamba pango la mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa taarifa isiyopungua mwezi mmoja, nayo lazima iishe katika siku ya kulipa kodi. Lau tungaliandika barua tarehe 26 Februari, akaipokea kwa kutia sahihi, tungalikuwa huru tarehe 1 Aprili. Lakini barua ya tarehe 2 Machi, yaani siku chache tu baadaye, ingalitufunga mpaka tarehe 1 Mei, kwa kuwa mwezi ungetimia tarehe 2 Aprili, nayo si siku ya kodi. Mwenye nyumba naye hufungwa na kamba hiyo hiyo anapotaka kututoa. Basi aliye na hati ya mapatano aisome kwanza. Tulilipa Aprili, mabwana, na tulikuwa na haki.

Habari ya maduka ni nyingine, nasi twaisema kwa sababu wake zetu wengi wana vibanda vya kushona na kuuza. Iko sheria ya mwaka 1965, sura ya 301, ihusuyo maduka, hoteli na nyumba za chakula. Humlinda mpangaji asiye na mapatano ya maandishi, na pia yule ambaye mapatano yake hayazidi miaka mitano. Mwenye duka hawezi kumtoa kwa maneno, wala kwa karatasi yoyote tu aliyoibandika mlangoni. Atoe taarifa kwa hati iliyowekwa na sheria, aitaje sababu yake, na miezi miwili ipite tangu kupokewa kwake. Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, alibandikiwa mlangoni karatasi ya siku 14, akaanza kufungasha cherehani yake usiku. Tulimzuia. Karatasi ile haikuwa na sababu wala sura ya hati ya sheria.

Lakini hapa ndipo wengi waangukapo. Taarifa iliyo halali hailali. Anayeipokea hujibu kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja, kama akubali au akataa. Na akitaka kuipinga hupeleka shauri lake mbele ya baraza lililowekwa na sheria hiyo kabla ya siku ile taarifa ianzapo kufanya kazi. Akiitia mtotoni mwa meza na kuisahau, siku ikipita, itamtoa. Wala asiseme, "Sikuikuta mimi, aliipokea mtumishi wangu." Sheria yakubali apewe mtu mzima wa jamaa yake au mtumishi afanyaye kazi dukani, au ipelekwe kwa posta ya rejista.

Jambo la nakala ninyi mwalijua kupita sisi. Kila siku ofisini twaandika mbili, moja ya faili. Ajabu ni kwamba nyumbani twaandika moja, au hatuandiki kabisa.

Bwana Mwenyekiti, twaketi sasa. Mwenye hati ya pango mfukoni, ailete mezani tuisome pamoja.