KIWANDA HAKIHAMI KWA SIKU MOJA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafanyakazi wa viwanda, Moshi



Tumeombwa tuseme juu ya kazi zinazohamishwa kwenda ng'ambo, na chama cha wafanyakazi kifanye nini. Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la Ulaya na Marekani, kwamba wao ndio wanaolia viwanda vyao vimekwenda China, na sisi huku tungali twangoja vije. Si kweli. Sisi nasi tumehamiwa. Hebu tutazame matairi, maana wengi wenu mmeteremka kutoka Rombo, Kibosho na Machame juu ya matairi.

Mwaka 1964 serikali za Afrika Mashariki zilikutana Kampala zikagawana viwanda, ili kila nchi ipate chake na soko la nchi zote tatu liwe soko lake. Kenya ilipewa balbu za umeme; Uganda baiskeli na mbolea; upande wetu tukapewa matairi, pamoja na kuunganisha redio na magari ya Land Rover. Mpango ule haukushika. Kiwanda cha General Tyre kilijengwa Arusha, kilomita 80 tu kutoka hapa, kikaanza kutoa matairi mwaka 1971. Lakini Nairobi nao walikuwa na chao cha Firestone, kilichoanzishwa 1969. Kiwanda kimoja cha soko zima kikawa viwanda viwili, kila kimoja na nusu ya soko. Haya ni ya zamani, lakini yashikeni, tutayarudia.

Cha Arusha kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Serikali yetu ilikuwa na hisa 74 kwa mia na kampuni ya Continental ya Ujerumani 26, na bado kilisimama. Cha Nairobi, ambacho kwa wakati huo kilikwisha badili jina kikaitwa Sameer, kilizima mitambo mwaka 2016. Kampuni yenyewe haikufa siku ile, la! Iliendelea kuuza matairi ya Yana, ila sasa yakitengenezwa ng'ambo, China na India. Tazameni vizuri, ndugu zangu. Jina lilibaki, duka lilibaki. Kilichoondoka ni kazi.

Nakuru ikawa hivyo hivyo. Kiwanda cha betri cha Eveready kilichokuwapo tangu 1967 kilifungwa mwaka 2014, na betri zile zile zenye picha ya paka zikaja kutoka nje. Mwaka huo huo Cadbury nayo ikafunga kiwanda chake cha Nairobi, ikawa inaleta bidhaa kutoka Misri.

Wenye viwanda walitoa sababu zao: bidhaa rahisi kutoka nje, umeme ghali, mashine za zamani. Hatutasema kwamba yote ni uongo. Umeme ni ghali, na hiyo simu yenye tochi iliyo mfukoni mwako imeua betri nyingi kuliko tajiri yeyote. Sisi twagombea jambo jingine. Twataka mfanyakazi aambiwe sababu hizo mapema, wakati kitu bado chaweza kufanyika. Mara nyingi huambiwa siku ya barua.

Kwa maana kiwanda hakihami kwa siku moja. Kwanza mashine ikiharibika haitengenezwi. Hung'olewa vipuri vikapewa mashine ya pili. Fundi akistaafu, nafasi yake haijazwi. Mikataba ya kudumu hugeuka ya miezi mitatu mitatu. Kisha siku moja ghala lapokea makasha kutoka bandarini, ndani mna bidhaa kama ile mnayoitengeneza ninyi, ina nembo ile ile, na mnaambiwa ni kwa muda tu, kuziba pengo. Siku hiyo kiwanda kimekwisha anza kuwa ghala. Tawi la chama lisilo na mtu wa kuhesabu makasha hayo litakuja kujua mambo kwa kusoma tangazo getini.

Sasa sheria yasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, yamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa kwanza ya kusudio lake, aeleze habari zote zinazohusika, na ashauriane na chama kabla ya kupunguza: kwa nini watu wapunguzwe, njia gani ya kuepuka au kupunguza idadi, nani aondoke na kwa kigezo gani, lini, na kwa malipo gani. Msiposikizana, shauri laenda kwenye usuluhishi. Basi ninyi mlio katika TUICO, na ndugu zenu wa mashambani walio katika TPAWU, msikubali kuitwa mkutanoni kusomewa orodha ya majina halafu mkaambiwa huo ndio ushauri. Orodha ikiwa imekwisha pigwa chapa, hapo mnashauriana nini? Ombeni mahesabu. Ulizeni mwaka jana viliingia vipuri vya kiasi gani, na makasha mangapi.

Nanyi jueni jambo moja la uchungu. Malipo ya kiinua mgongo kwa sheria hiyo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka 10. Yaani siku 70. Mtu aliyetumika miaka 25 huhesabiwa 10 tu. Hicho ni kiwango cha chini. Sheria haikukataza chama kupata zaidi. Lakini kinachopata zaidi ni chama kilichoyaandika katika mkataba wa hali bora wakati kiwanda kingali kinafanya kazi. Mitambo ikikwisha zimwa, mwajiri hana anachowaogopea.

Hapa kwetu wako wanaosema: mtu wa Moshi hana hofu, akikosa kazi atapanda mlimani kwenye kihamba chake, ale ndizi. Maneno haya twayasikia hata kwa watu wazima, na yatuudhi. Kihamba cha babu kimegawanywa kwa watoto, kikagawanywa tena kwa wajukuu, kikawa migomba ya kuhesabika. Leo ni mshahara wa mjini unaokilisha kihamba: ndio unaonunua dawa ya kahawa, majani ya ng'ombe na ada ya mtoto. Wasemao "rudi mlimani" wauliza wale walioko mlimani wanangoja nini kila mwisho wa mwezi.

Ziko kazi zisizohamika kwa urahisi. Pale Arusha Chini, miwa ya TPC ikikatwa haina budi kusagwa upesi, utamu usipotee. Mwenye mali awe Mdenmarki kama zamani, serikali, au Mmauritius kama ilivyo tangu 2000, kinu kitabaki karibu na shamba. Lakini tairi, betri na kiatu vyaweza kutengenezwa popote penye bandari. Na kahawa yetu? Hapa Moshi twaikoboa, twaipanga kwa madaraja, twaipeleka mnadani, kisha sehemu kubwa hutoka nchini ikiwa mbichi. Kazi ya kuikaanga, kuisaga na kuifunga iko Ujerumani na Italia na Japani. Ujerumani haina shamba la kahawa, lakini yauza kahawa iliyokaangwa kwa mataifa mengine! Kazi hizo hazikuhama kutoka kwetu kwa sababu hazikuwahi kufika. Ndiyo maana mkulima wa KNCU na mfanyakazi wa kiwandani wasikae mikutano mbalimbali, wana neno moja la kudai.

Twarudi kwenye matairi. Arusha na Nairobi walishindana, na leo hakuna kati yao mwenye mitambo hiyo. Mwenye mali huvuka Namanga na Holili kwa simu tu. Chama cha wafanyakazi chakomea kwenye kizuizi. Viongozi wa matawi ya hapa waandikiane na wenzao wa Nairobi na Nakuru, wajue mishahara yao, wajue nao wanaambiwa nini. Mwajiri akikwambia kwamba wa ng'ambo ya mpaka wamekubali mshahara mdogo, uwe na mtu wa kumwuliza jioni ile ile.

Na wanunuzi nao wana nguvu. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma, shirikisho lao la TFL, alimokuwamo Rashidi Kawawa, liliwaita wananchi wasusie bia ya kiwanda. Watu wakasusa, nao wale hawakuwa wafanyakazi wa bia. Siku hizi kususa peke yake hakutoshi, maana mtu wa mshahara mdogo atanunua kilicho rahisi, na hatumlaumu anayevaa kiatu cha soko la Memorial. Lakini serikali na halmashauri hununua matairi, viatu na sare kwa fedha ya kodi yetu. Hapo twaweza kuuliza.

Basi kila tawi lichague watu watatu: mmoja wa ghalani, mmoja fundi wa mitambo, mmoja ajuaye hesabu. Kazi yao ni daftari moja tu: mashine zilizosimama, nafasi zisizojazwa, makasha yaliyoingia. Walilete kila mwezi. Madaftari ya kwanza tutayapokea hapa hapa baada ya mkutano, kwa wale waliokuja tayari.