Hesabu ya Joto na Gesi ya Kwetu



Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa kule Kilwa mwaka 1974, inakwenda Dar es Salaam tangu 2004. Karibu yote ni methani: kaboni moja, haidrojeni nne. Leo dunia inaitafuta haidrojeni yenyewe, maana ikiungua hutoa maji bila hewa ya ukaa. Tabu iko kwenye kuihifadhi. Methani huwa kimiminika kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri; haidrojeni hungoja hadi 253 chini ya sifuri. Ubaridi huo ni ghali mno.

Ndipo wanakemia wakaigeukia metali, ili iishike haidrojeni. Mwaka 1984 Gregory Kubas na wenzake, huko Los Alamos, Marekani, walitangaza kampaundi ya tungisteni inayoipokea molekuli nzima ya haidrojeni bila kuikata vipande. Ikiwa tupu ni ya zambarau; ikishika haidrojeni hugeuka njano. Ukiiondoa gesi iliyoizunguka, inaachia.

Kwa nini inaachia? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Haidrojeni ikishikwa, joto hutoka, na hilo huvuta upande wa kushika. Lakini gesi iliyozoea kuzagaa, ikibanwa mahali pamoja, hupoteza uhuru wake, na hilo huvuta upande wa kuachia, tena kwa nguvu zaidi kadiri halijoto inavyopanda. Joto linalotoka likiwa karibu kilojuli 40 kwa moli, pande hizo mbili hulingana kwenye halijoto ya chumbani na shinikizo la kawaida. Magnesiamu hutoa takriban 75, basi sharti uipashe hadi karibu nyuzi 300 ndipo iachie. Kinachotakiwa ni mfano wa fundo la dau: lihimili mawimbi, na nahodha alifungue kwa mkono mmoja.

Kwangu mimi, hii ni miongoni mwa hesabu nzuri kuliko zote katika kemia, na msingi wake mmeshaufundishwa darasani.

Wahitimu wa Kidato cha Nne hapa Kitomanga, Novemba mna mtihani wa taifa. Mtakapochagua tahasusi, msiikimbie kemia kwa kuwa mmeambiwa ni ngumu. Nanyi wazazi, binti akitaka Fizikia, Kemia na Hisabati, mwacheni asome. Gesi iko kwetu. Nawaomba na wataalamu wake watoke kwetu.