Pini ya Bodi si Soketi: Nasaha kwa Vijana Wabunifu
Hotuba ya mkufunzi wa elektroniki, siku ya wazi ya chuo cha ufundi



Muhula uliopita, wanafunzi wangu waliunda mashine ya kuangulia vifaranga. Feni ndogo ya kusambaza joto waliiunganisha moja kwa moja na pini ya bodi ya Arduino Uno. Ilizunguka kwa muda, kisha chipu ikaungua. Kufikia asubuhi, trei nzima ya mayai ilikuwa imeharibika. Mayai hayo yalikuwa ya mama wa mmoja wao.

Vijana, pini kazi yake ni kutoa ishara, si kuendesha mzigo. Kwenye Uno, yenye chipu ya ATmega328P, pini moja ibebeshwe miliampia 20. Ikifika 40, huo ndio mwisho. Chipu yaweza kufa. Na pini zote zikijumlishwa zisipitishe 200.

Taa ya LED isiwashwe bila rizista. Pini hutoa volti 5, LED nyekundu hutumia kama 2, zinabaki 3. Ukiweka rizista ya omu 220, mkondo unakuwa kama miliampia 14. Hapo uko salama.

Rilei ndogo ya volti 5 huvuta takriban miliampia 70, na mota huvuta zaidi, hasa inapoanza kuzunguka. Hizi ziendeshwe kupitia transista: pini iamuru transista, nayo transista ibebe mzigo. Mpe mota umeme wake, lakini waya hasi za pande zote mbili ziungane. Weka pia daiodi sambamba na mota au rilei, upande wenye mstari ukielekea chanya, kwa sababu koili ikizimwa hurudisha volti kali inayoua transista na chipu.

Wanaotumia ESP32 wakumbuke kwamba pini zake ni za volti 3.3. Msiziingizie 5.

La mwisho ni uhai wenu. Mkifika kwenye umeme wa nyumbani wa volti 240, simameni. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA. Chipu iliyoungua hununuliwa nyingine, mtoto hanunuliwi.

Basi kabla ya kuunganisha, pigeni hesabu kwanza. Wanafunzi wale wameunda mashine ya pili, safari hii wakiwa na transista, na mama yule amewapa mayai tena.