Mitaro Ichimbwe Vumbi Likingali Linatimka



Nashukuru kualikwa katika siku hii ya wakulima hapa Rongo. Nimezunguka shamba la maonyesho, viatu vimejaa vumbi. Kwa sababu ya vumbi hilo, nitazungumzia mvua.

Chwiri, msimu wetu wa mvua ndefu, huanza mwezi wa tatu. Mnakumbuka ile ya 2024: Mto Kuja ulivunja kingo kule Nyatike, mashamba yakazama, familia zikahama. Sisi tulio mlimani tulipata hasara yetu kimyakimya. Udongo wa juu uliteremka mtoni pamoja na mbolea tuliyonunua kwa deni. Shamba la ekari moja litavumilia hayo misimu mingapi?

Mitaro ichimbwe mwezi huu, ikikingama na mteremko. Udongo utupwe upande wa juu, kama wafanyavyo wenzetu wa Machakos kwa matuta ya fanya juu, kisha tuta lipandwe nyasi za nepia. Walio karibu na Mbita wanajua zaidi. Tangu miaka ya tisini, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wametuonyesha kilimo cha vuta-sukuma: desmodiamu kati ya mistari ya mahindi hudhoofisha gugu la kayongo (striga), na nepia pembeni huwavuta wadudu wanaotoboa mabua. Mimi naipendea desmodiamu jambo jingine: hufunika ardhi, matone yasiupige udongo, na ng'ombe huila.

Sasa mavuno, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Mahindi ya chwiri huweza kukomaa mawingu yangalipo. Turubai ya kuanikia inunuliwe mapema. Tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikigandama chupani, mahindi bado yana maji. Yasihifadhiwe mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Mwaka wa 2004, sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliingia katika mahindi na kuua watu 125, hasa Makueni na Kitui. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Njugu zetu nazo huipata, jamani, na ndizo tunazowapa watoto wakitoka shule.

Jioni ya leo, kila mmoja azunguke shamba lake, atazame maji yalipopita mwaka jana, achomeke kigingi hapo. Kesho asubuhi arudi na jembe.

Kwa hayo machache, natangaza siku hii ya wakulima imefunguliwa rasmi.