Siku 72 za wenye meli, miezi mitatu ya wenye mitumbwi

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa komini ya Bagira, Bukavu, Septemba 2024



Leo sitaongea juu ya barabara, wala maji, wala umeme. Hayo tutayarudilia, munatujua hatuchoke. Leo tuongee samaki. Rafiki mumoja aliniuliza asubuhi: « Mwanaharakati na samaki, wapi na wapi? » Nikamujibu: uangalie sahani yako ya mangaribi, kisha uniulize tena.

Munajua kama mwaka huu, kuanzia tarehe 15 Mei mupaka 15 Agosti, ziwa Tanganyika lilifungwa. Congo, Tanzania, Burundi na Zambia, nchi nne zenye kuchanga lile ziwa, zilipatana: miezi mitatu hakuna kuvua, kusudi samaki wazae na wadogo wakomae. Siye wa Bagira ziwa letu ni Kivu, ni kweli. Lakini ndagala kavu yenye tunakula inatoka Uvira, inapita Kamanyola, inapanda Ngomo juu ya lori. Jirani yetu mama mumoja amesomesha watoto na biashara ile. Mwezi wa sita aliniambia: « Mwanangu, miye sijui mukataba. Miye najua paka kama gunia haikuye. » Na mwezi wa sita, munajua wenyewe, ni wakati wa Exetat. Masomo haingojee samaki wazae.

Kufunga ziwa ilikuwa kosa? Hapana, na nitasema wazi hata kama kuna wenye hawatafurahi. Upande wa Congo ni karibu 45 kwa mia ya ziwa lile, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Ndagala haiulizwe jetoni ku mupaka. Kama Kalemie na Uvira wanafunga na Kigoma inavua, samaki yenye siye tumeacha iishi, jirani ndiye anaikaanga. Inafaa kufunga wote pamoja, ao musifunge. Ndiyo maana nchi zile nne zilitia sahihi mukataba kule Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na kisha, mwaka 2008, zikaanzisha Mamlaka ya ziwa Tanganyika, yenye ofisi yake iko Bujumbura. Tangu sahihi ile mupaka nyavu kukauka ku mwambao, hesabu mwenyewe miaka.

Tena kuna jambo lingine lenye halisemwe ku mikutano. Mwaka ule ule wa 2003, Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida Nature kama ziwa Tanganyika linapata joto. Kazi ya upepo wa kiangazi ni kukoroga maji, kupandisha chakula kutoka chini kuja juu, kwenye samaki anakula. Maji ya juu yakipata joto, yanakaa juu kama mafuta juu ya supu, haichanganyike vizuri. Walihesabu kama uzazi wa ziwa ulipungua karibu 20 kwa mia, na samaki pengine karibu 30 kwa mia. Moshi wenye unaleta joto lile haukutoka ku mutumbwi wa Fizi. Kwa hiyo wakituambia kama mvuvi peke yake ndiye alimaliza samaki, tuwaulize vizuri.

Sasa munipe ruhusa tutoke kidogo, tushuke mupaka ku bahari ya Hindi. Munajua jodari, ile thon ya mukebe yenye wenye mali wanatia ku salade. Jodari haikae mahali pamoja, inatembea kutoka maji ya Somalia mupaka Seychelles, mupaka mbali. Nayo haina jetoni. Kwa hiyo kuna tume ya nchi mingi, Tume ya Jodari ya bahari ya Hindi, inafanya kazi tangu 1996, ofisi yake iko Seychelles. Kenya na Tanzania ni wanachama, Umoja wa Ulaya pia, juu meli za Hispania na za Ufaransa zinakuja kuvua huko. Mwaka 2015 wataalamu wa tume ile walisema wazi: jodari yenye mapezi ya manjano ilikuwa inavuliwa kupita kiasi.

Meli zile si mitumbwi. Zingine zinakaribia urefu wa uwanja wa mupira. Zinaachilia ku bahari vifaa vyenye kuelea, na mutambo wa kuzungumuza na setelaiti. Samaki wanakusanyika chini ya kile kivuli, na kapiteni anaona ku ekra yake samaki wako wapi, anakuja kuzungusha wavu. Ndani ya wavu kunaingia wakubwa pamoja na watoto wao.

Basi mwezi wa pili 2023, kule Mombasa, nchi zilipiga kura: kila mwaka, siku 72, hakuna kutumia vifaa vile. Kura ikapita. Unafikiri nini ilifuata? Ndani ya mukataba kuna mulango: nchi yenye haikubali inaandika barua ya kupinga, na sheria haitaifunga. Umoja wa Ulaya uliandika barua yake. Nchi zingine pia ziliandika, hata za Afrika, tusidanganyane kama ubaya ni wa wazungu peke yao. Sheria ya siku 72 ikabaki karatasi.

Hapo ndipo nataka mufikiri pamoja na miye. Mwenye meli ya setelaiti anaambiwa apumuzike siku 72, na si kuacha kuvua, ni kuacha namna moja tu ya kuvua. Anapata mutu wa kumuandikia barua, na mambo yanakwisha. Mvuvi wa Uvira anaambiwa asivue kabisa siku zaidi ya 90. Yeye barua yake anaiandikia nani? Ku meza kwenye walichagua tarehe, kiti chake kilikuwa wapi? Na bamama wa beseni?

Turudi nyumbani. Sambaza yetu ya Kivu ni mugeni, munajua? Ilitolewa Tanganyika, ikatiwa ndani ya Kivu kati ya 1958 na 1960. Mugeni alizaa vizuri, akatulisha. Lakini nyumba yake ni ndogo: Kivu ni refu sana kwenda chini, ila hewa ya kupumua iko paka ku mita 60 hivi za juu, chini ni gazi. Sambaza wote wa Bukavu na wa Cyangugu wanabanana pale juu. Rwanda ina desturi ya kufunga uvuvi miezi miwili kwa mwaka. Kuna mukataba wa 2014 wa ziwa Kivu na muto Ruzizi, ABAKIR, Congo, Rwanda na Burundi. Siku hizi Kinshasa na Kigali hawasalimiane, na sababu tunazijua, ndugu zetu wanakufa kwa sababu zile. Sitawaambia tusahau. Ninasema tu kama sambaza haitangoja wapatane. Na siye vijana tuache ile chandarua ya mbu ku ukingo, yenye kuzoa hata mayai. Hiyo hatuwezi kuiweka juu ya Kigali.

Tumeandika barua kwa badepite wa jimbo. Tunaomba tarehe ya kufunga itangazwe mapema, si juma moja mbele. Wavuvi na bamama wauzaji wachague wenyewe watu wao wa kukaa ku mikutano ile, Bujumbura na kwingine. Ziwa likifungwa, kuwe chakula ao franka kwa jamaa za wavuvi, na pesa ya Exetat isiombwe kwa mutoto wa mvuvi mupaka ziwa lifunguliwe. Wenye kulinda ziwa wakikamata matabishi na kuachilia mitumbwi ya rafiki zao usiku, wafunguliwe dosie. Na Kivu likifungwa, pande mbili zifunge siku moja na zifungue siku moja.

Barua iko hapa ku meza, ukurasa mbili. Bamama, mutangulie kusoma, mutuambie wapi tumekosea bei na miezi. Kesho asubuhi tutaipeleka kwa miguu.