Lugha ya Mapatano na Lugha ya Mkataba: Kiingereza cha Biashara kwa Mtazamo wa Namanyere

1. Utangulizi

Huenda wapo walioshangaa kuona kwamba mhadhara wa taaluma za Kiswahili umepewa mada inayohusu Kiingereza. Mshangao huo una haki yake. Hata hivyo, nitajaribu kuonyesha kwamba suala la Kiingereza cha biashara katika nchi yetu ni, kwanza kabisa, suala la Kiswahili. Na kwamba mahali pafaapo kulitazamia si Dar es Salaam wala Arusha, bali Namanyere.

Namanyere ni makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa. Upande wa magharibi nchi hushuka hadi Ziwa Tanganyika, kwenye bandari na vijiji vya wavuvi kama Kirando, Kipili na Kabwe. Uwandani hulimwa mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Ziwani hutoka dagaa na migebuka. Mazao hayo hayaliwi yote Nkasi. Yanauzwa, na kuuza ni kusema na mtu.

Hoja yangu ni kwamba mfanyabiashara wa hapo anaishi kati ya lugha mbili za kazi. Ipo lugha ya mapatano, ambayo kwayo bei hutajwa, hupunguzwa na kukubaliwa. Na ipo lugha ya mkataba, ambayo kwayo mapatano hayo huandikwa. Ya kwanza ni Kiswahili. Ya pili, pindi biashara inapokua, aghalabu huwa Kiingereza. Hasara nyingi hutokea katika nafasi iliyo kati ya hizo mbili.

2. Lugha ya mapatano

Ziwa Tanganyika limepakana na nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Mfanyabiashara wa Kirando anayevuka kwenda Moba au Kalemie hahitaji Kiingereza ili apatane bei. Ng'ambo hiyo ya Kongo Kiswahili kimeenea. Na karatasi za serikali atakazokutana nazo huko ni za Kifaransa. Wale wanaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya biashara ya kimataifa hawana budi kutueleza mpaka upi wa kimataifa wanaoukusudia, maana katika ziwa hili ni Zambia peke yake ambako Kiingereza ndicho lugha rasmi tangu uhuru. Hata huko, mtu wa uwanda wa Ufipa hafiki akiwa bubu: Kifipa na Kimambwe-Kilungu ni ndugu wa karibu, na Malcolm Guthrie aliziweka lugha hizo katika kundi moja, lile la M.10.

Aidha, Kiswahili hakikuja katika biashara jana. Msamiati wake wa mali ni kumbukumbu ya safari zake. Kutoka Kiarabu tulipata dalali, rehani, stakabadhi, na ushuru, ambao asili yake ni fungu la kumi. Kutoka lugha za Bara Hindi tulipata pesa, hundi, bima na laki. Kutoka Kiingereza tulipata benki, cheki na risiti. Hakuna aliyetuonea haya kwa mikopo hiyo, wala sisi hatuna sababu ya kuiona haya. Lugha iliyokwisha kumudu rehani na bima haiwezi kuambiwa kwamba haina uwezo wa biashara. Mwaka 2005, Bunge lilipopitisha sheria ya stakabadhi za ghala, jina la mfumo huo liliingia vinywani mwa wakulima kwa Kiswahili: stakabadhi ghalani. Hawakulazimika kwenda shule ili walielewe, kwa kuwa stakabadhi walikuwa wanaijua na ghala walikuwa nalo.

3. Lugha ya mkataba

Hata hivyo, nitakuwa sikutenda haki nikiishia hapo. Kiingereza kinahitajika, na anayemwambia kijana wa Namanyere kwamba hakihitajiki anamdanganya. Maelezo ya mashine ya kukoboa, barua pepe ya mnunuzi wa Lusaka au Nairobi, hati za shehena: nyingi kati ya hizo huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2024, Zambia ilipopigwa na ukame mkali, Tanzania ilikubali kuiuzia mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Njia ya mahindi kuelekea kusini ipo wazi, na atakayeifuata kwa mtaji wake mwenyewe atakutana na karatasi.

Sheria nayo imebadilika. Mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri za Sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kiliachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mkataba wa watu wawili huandikwa kwa lugha waliyoichagua wao wenyewe, na mara nyingi anayechagua ni yule aliyeshika kalamu.

4. Neno unalolijua na maana usiyoijua

Sasa niingie katika kiini cha mada. Watu hudhani kwamba ugumu wa Kiingereza cha biashara umo katika maneno mageni. Mimi nasema hatari kubwa zaidi imo katika maneno ambayo mwanafunzi tayari anayajua.

Tuchukue neno "interest". Mwanafunzi wa sekondari amelisoma kwa maana ya kupendezwa na jambo. Katika karatasi ya mkopo ni riba. Neno "balance" alikutana nalo maabara, likiwa mizani. Katika barua ya madai ni salio. Neno "party" analijua kuwa ni sherehe au chama. Katika mkataba ni upande mmojawapo wa wanaokubaliana. Neno "security" kwake ni ulinzi. Benki ni dhamana.

Tufikirie mkulima aliyemaliza kidato cha nne, ambaye amewekewa mbele yake karatasi isemayo kwamba shamba lake ni "security" ya mkopo. Ataona neno analolijua. Atatulia. Hatauliza, kwa kuwa mtu huuliza asilolijua. Atatia saini akidhani kwamba shamba lake litalindwa, kumbe ameliweka rehani. Mwenzake asiyejua Kiingereza kabisa angeomba atafsiriwe, na huenda angeokoka. Kwa hiyo Kiingereza nusu, katika biashara, chaweza kuwa ghali kuliko kutokukijua kabisa.

Tazameni sasa upande wa pili. Riba, salio, upande, dhamana: Kiswahili kimeyatenga mambo hayo manne kwa maneno manne yasiyochanganyika na kupenda, mizani, sherehe wala ulinzi. Mtu aliyeishika vizuri dhana ya dhamana kwa Kiswahili, akajua nani anaiweka, kwa nani na inapotea lini, atajifunza jina lake la Kiingereza kwa siku moja. Asiyekuwa na dhana hiyo atakariri neno kwa mwaka mzima na bado atatia saini asichokielewa. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba suala hili ni la Kiswahili kwanza.

5. Gunia na "bag"

Mfano wangu wa mwisho ni wa kipimo. Neno la Kiingereza "bag" tunalitafsiri gunia, na kila mtu huridhika. Lakini mfuko wa mahindi uliozoeleka Zambia ni wa kilo 50. Gunia la Kenya ni la kilo 90. Kwetu gunia huhesabiwa kuwa kilo 100. Mkataba unaotaja "600 bags" bila kutaja uzito waweza kusomwa kuwa tani 30, tani 54 au tani 60. Sarufi ya sentensi hiyo ni sahihi kabisa. Mwalimu angeipa alama zote, na mfanyabiashara angefilisika nayo.

Hapohapo lugha yetu ina neno ambalo Kiingereza cha mkataba hakina: lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa juu ya mdomo wake ili libebe zaidi ya kipimo, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umekuwa ukiupiga vita ufungashaji huo, nao mkulima anautambua kwa macho na kuutaja kwa jina. Lakini akiandika "bag", lumbesa hutoweka ndani ya neno hilo. Tafsiri imemnyang'anya silaha yake. Yafaa basi afundishwe kuandika uzito kwa kilo, na kuongeza kwamba ni uzito wa nafaka bila gunia. Hicho ndicho Kiingereza cha biashara ninachokitetea.

6. Nini kifanyike?

Napendekeza mambo manne.

Kwanza, Kiingereza cha biashara kifundishwe kwa kufuata nyaraka: barua ya kuulizia bei, oda, ankara, hati ya makabidhiano, barua ya madai. Mwanafunzi ashike ankara halisi mkononi, aulizwe nani anamdai nani, kiasi gani, na hadi lini. Mtaala uliorekebishwa, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umelipa somo la biashara nafasi kubwa zaidi katika sekondari. Nafasi hiyo isipotee kwa kukaririsha fasili.

Pili, kila istilahi ya Kiingereza ifundishwe bega kwa bega na istilahi yake ya Kiswahili. Zipo shule zinazomwadhibu mwanafunzi kwa kusema Kiswahili darasani. Shule kama hizo humvunjia mwanafunzi ngazi, kisha humlaumu kwa kutopanda.

Tatu, mikataba inayomhusu mkulima iandikwe kwa lugha mbili, na iseme wazi ni nakala ya lugha ipi itakayofuatwa pakitokea mgogoro. Bila kifungu hicho, tafsiri ya Kiswahili ni pambo tu.

Nne, istilahi zinazoratibiwa na Baraza la Kiswahili la Taifa na zile zinazotafitiwa na vyuo vyetu vikuu zimfikie karani wa chama cha ushirika. Istilahi iliyofungiwa kabatini haijazaliwa. Na kwa kuwa tunazungumzia Ziwa Tanganyika, vijana wachache wa mwambao huo wafundishwe pia Kifaransa cha hati za forodha.

7. Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba nimekipunguza Kiingereza hadhi kwa kukifanya chombo cha ankara na magunia. Nakubali. Mtu hupoteza shamba katika ankara na magunia. Hapotezi shamba katika mashairi ya Shakespeare, ambayo nayo yana raha yake. Wengine watasema kwamba nimekisaliti Kiswahili kwa kukubali kwamba Kiingereza kifundishwe. Hao nawaomba wafikirie yule mkulima na karatasi yake. Fahari yetu juu ya Kiswahili haitamsaidia siku ya kutia saini, kama hatukumfundisha kuisoma karatasi iliyo mbele yake na kumpa ujasiri wa kusema: "Ndugu yangu, sitii saini hadi niipate kwa Kiswahili."

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa zama zetu ningethubutu kuongeza kwamba daftari lililoandikwa kwa lugha asiyoielewa mwenye mali halitofautiani sana na kukosa daftari.